UZI MAALUMU: Nick Ross, beki Mskoti aliyelipwa kabla kulipwa hakujahalalishwa

Kitasa Mkongwe

Wakuu, tukijadili mabeki wa zamani wengi tunaishia miaka ya 1950. Leo naomba turudi nyuma kabisa, enzi ambazo timu ilikuwa na mabeki wawili tu na marefa hawajaanza kukimbia uwanjani. Mtu ninayemleta ni Nicholas John Ross, Nick kwa kifupi. Amezaliwa Edinburgh 1862, amefariki Agosti 1894 akiwa na miaka 31. Waliomwona wakati wake walimhesabu kuwa beki namba moja Uingereza nzima, na bado ukifungua orodha ya wachezaji wa timu ya taifa ya Uskoti hutamkuta hata kwa mechi moja.

Alianzia Hearts pale pale Edinburgh, na alikuwa nahodha angali kijana wa kama miaka 20. Kazi yake ya mikono ilikuwa kuezeka mapaa kwa vigae vya mawe. Kiangazi cha 1883 akavuka mpaka kwenda Preston, mji wa viwanda vya pamba katika jimbo la Lancashire, kuchezea Preston North End. Kiongozi wa timu ile alikuwa William Sudell, meneja wa kiwanda cha pamba. Sudell ndiye aliyekuwa akiwavuta Waskoti mmoja mmoja, anawatafutia kazi mjini, na mkononi anawapa cha kwao.

Mwanzoni Ross alikuwa mshambuliaji. Preston wakamrudisha nyuma, na ubeki wa kushoto ndio uliompa jina. Mdogo wake, Jimmy Ross, naye akaja Preston akabaki mbele. Huyo Jimmy ndiye aliyefunga mabao mengi siku Preston walipoipiga Hyde 26-0 kwenye Kombe la FA, Oktoba 15, 1887. Rekodi hiyo ya ushindi bado ipo.

Machi 24, 1888 Preston wakafika fainali, Kennington Oval, London. Nick Ross na Bob Howarth ndio mabeki. Wakafungwa 2-1 na West Bromwich Albion, timu ambayo wengi hawakuipa nafasi. Baada ya hapo Ross akahamia Everton, akakabidhiwa unahodha. Msimu huo wa 1888/89 ndio wa kwanza kabisa wa Ligi, timu 12. Preston bila yeye wakacheza mechi 22, wakashinda 18, sare 4, hawakupoteza hata moja. Kombe la FA wakalichukua bila kuruhusu bao. Everton ya Ross ikamaliza ya 8 kwa pointi 20, nusu kamili ya pointi 40 za Preston.

1889 akarudi Preston, akapata ubingwa wa ligi wa 1889/90 mbele ya Everton hao hao kwa tofauti ya pointi 2. Miaka michache baadaye kifua kikuu kikamtoa uwanjani, kisha kikamuua.

Karibuni tuchambue. Mimi hoja yangu ni moja: huyu ndiye mfano safi wa gharama aliyolipa Mskoti kwa kukubali mshahara wa mpira.

Binti wa Lango

Asante kwa uzi mkuu. Swali la mtu anayetaka kuelewa: beki wawili dhidi ya washambuliaji watano, walikuwa wanaishije? Leo hata ukiwa na mabeki wanne unateseka.

Mtambaa Panya

@Binti wa Lango jibu lote liko kwenye sheria ya kuotea. Usimpime Ross kwa sheria ya leo, utamwonea.

Tangu 1866 hadi 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani WATATU kati yake na mstari wa goli wakati pasi inapigwa. Sasa hesabu. Golikipa mmoja, mabeki wawili: hao ndio watatu. Beki mmoja tu akipiga hatua mbele ya mshambuliaji, wanabaki wawili, na mshambuliaji tayari ameotea. Na wakati huo hapakuwa na msamaha wa nusu yako ya uwanja, huo ulikuja 1907. Maana yake mtego ungeweza kuwekwa popote, hata karibu na goli la wapinzani.

Kwa hiyo mabeki wawili hawakusimama sambamba kama mabeki wa kati wa sasa. Walisimama kwa ngazi: mmoja anapanda, mwenzake anabaki nyuma kufunika. Anayepanda ndiye anayeamua mstari. Akiona kiungo wa wapinzani anainua kichwa kutafuta pasi, anasogea hatua mbili mbele, shambulio limekufa. Mpira ukienda upande wa pili wanabadilishana, aliyekuwa juu anarudi na mwenzake anapanda.

Hapo ndipo ilipohitajika akili, kwa sababu mtego ule ulikuwa na matundu. La kwanza, kupiga chenga hakuna kuotea. Mtu akimpita beki wa juu akiwa na mpira mguuni, amebaki beki mmoja na kipa, na pembeni yake kuna wenzake wanaokimbia. La pili, pasi ya kurudi nyuma, mtu anafika mstarini kisha anarudisha kwa anayekuja. Mfungaji yuko nyuma ya mpira, mtego haumgusi. Na kubwa zaidi ni mabeki wote wawili kupanda pamoja kwa kutokuelewana. Hiyo ilikuwa zawadi.

Na kuna jambo watu hulisahau. Hadi 1891 uwanjani kulikuwa na waamuzi wawili, kila timu na wake, na refa akikaa nje ya mstari kuamua pale wawili hao wanapotofautiana. Waamuzi hawakutoa uamuzi mpaka mchezaji ADAI. Beki aliyeweka mtego na asipaze sauti hakupata kitu. Ilibidi mguu uende mbele na mkono uende juu kwa pamoja. Beki bubu alikuwa hasara kwa timu yake.

Kitasa Mkongwe

@Mtambaa Panya umemaliza kabisa. Niongeze upande wa mwili. Kumsukuma mtu kwa bega ilikuwa halali, na kipa naye alisukumwa hadi wavuni (ingawa nyavu zenyewe zimekuja 1891). Kazi ya beki ilikuwa pamoja na kumkinga kipa wake asivamiwe mpira ukiwa hewani. Mpira wa adhabu ulikuwa hauwezi kuingia goli moja kwa moja mpaka 1903, na penati haikuwepo hadi 1891. Sasa pima mwenyewe. Beki anayemwangusha mtu mita tano kutoka golini mwaka 1887 anaadhibiwa kwa mpira wa adhabu ambao haufungiki moja kwa moja, huku timu nzima imejaa mstarini. Ukisoma kwamba mabeki wa wakati ule walikuwa wakali, ujue sheria yenyewe iliwaambia kuwa rafu karibu na goli ina bei nafuu.

Mpira wenyewe ulikuwa vipande vya ngozi vilivyoshonwa, ndani kuna kibofu cha mpira, mdomo umefungwa kwa kamba kama ya kiatu. Ngozi hiyo haikuwa na kinga ya maji. Lancashire mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu, inanyesha muda wote, kwa hiyo mpira ulimaliza mechi ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Ukiupiga kichwa upande wa kamba, unapasuka paji la uso. Ndiyo maana mabeki wengi walipendelea kuupiga kwa mguu ungali hewani, teke moja refu, kuliko kuusubiri kwa kichwa. Teke safi la mpira wa hewani kwa miguu yote miwili lilikuwa kipimo cha beki.

Na Ross alikuwa na hilo, akawa na la pili lililokuwa adimu: alitoka kwenye shule ya Kiskoti ya pasi fupi. Badala ya kupiga tu mbali, aliupeleka kwa mtu. Ukikumbuka alianza kama mshambuliaji, inaeleweka.

Karani wa Takwimu

Naomba nirekebishe mwelekeo kidogo. Preston msimu wa 1888/89 waliruhusu mabao 15 tu katika mechi 22, Ross hayupo. Bob Holmes, aliyecheza kiungo kwenye fainali ya 1888, ndiye aliyeshushwa kuziba pengo kando ya Howarth. Sasa tunasemaje kwamba beki bora Uingereza aliondoka na ukuta ukawa imara hivyo?

Mtambaa Panya

@Karani wa Takwimu hoja nzito, ila iangalie vizuri. Ukuta wa Preston ulianzia kwa viungo watatu: Drummond, Russell na Graham, wote Waskoti. Katika mfumo wa 2-3-5 (mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano) kiungo wa kati ndiye aliyemkaba mshambuliaji wa kati wa wapinzani, na viungo wa pembeni walisaidia kuwabana mawinga na washambuliaji wa ndani. Mabeki walishughulikia kilichopita hapo. Kwa Preston vilivyopita vilikuwa vichache, tena wapinzani hawakuwa na mpira.

Everton ilikuwa kinyume chake. Timu ndiyo kwanza inaundwa, wachezaji wanabadilishwa kila wiki, nahodha anahamishwa huku na kule kuziba mapengo, na Ross mwenyewe alisogezwa mbele mara kadhaa pale magoli yalipokosekana. Mechi ya kwanza kabisa ya ligi, Septemba 8, 1888, waliifunga Accrington 2-1 pale Anfield (ndiyo, Everton ndio waliokuwa wenyeji wa Anfield wakati huo). Baada ya hapo ikawa panda shuka. Beki mmoja, hata awe nani, haweki mtego wa kuotea peke yake kama mwenzake anabadilika kila Jumamosi. Mtego ule ni makubaliano ya watu wawili waliozoeana.

Karani wa Takwimu

Hapo nakubali. Kuzoeana ndiko kulikouma zaidi.

Mwana Mrima

Wakuu, mimi nataka kuelewa pesa. Alikuwa akilipwa ngapi? Na kwa nini ilikuwa siri?

Kitasa Mkongwe

@Mwana Mrima pale Everton kinachotajwa ni paundi 10 kwa mwezi. Zamani paundi 1 ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo ni shilingi 200 kwa mwezi, au kama shilingi 46 kwa wiki. Fundi mwenye ujuzi wake alikuwa akipata kama shilingi 30 kwa wiki, na alifanya kazi siku sita. Utajiri haukuwa hapo, lakini muezeka mapaa yeyote angeacha ngazi na nyundo.

Kuhusu siri: kanuni ya 1882 ya FA, chama cha soka cha England, iliruhusu kumlipa mchezaji gharama za safari na mshahara wa kazini alioukosa kwa ajili ya mechi, basi. Chochote zaidi ya hapo kilikuwa kosa. Timu za kaskazini zikatumia mlango huo huo. Unamleta mchezaji, unampa kazi kwenye kiwanda cha rafiki, kazi yenyewe ni nyepesi au haipo, halafu "fidia" yake inazidi mshahara. Aliyeandika vitabu vya hesabu na aliyeendesha timu mara nyingi walikuwa kundi moja.

Januari 1884 Preston walitoka sare 1-1 na Upton Park ya London kwenye Kombe la FA, na Upton Park wakakata rufaa kwamba Preston wanatumia watu wa kulipwa. Sudell hakukana. Alikwenda mbele ya FA akakiri kuwa wachezaji wanaletwa na kutafutiwa kazi, na kwamba kila timu kubwa inafanya hivyo. Preston wakaondolewa. Lakini kukiri kule ndiko kulikofungua bomba. Oktoba mwaka huo huo timu zaidi ya 30 zikatishia kuanzisha chama chao, na Julai 20, 1885 FA wakasalimu amri, soka la kulipwa likawa halali England.

Mtambaa Panya

Halali kwa masharti lakini. Mchezaji wa kulipwa alisajiliwa FA kila mwaka, hakuruhusiwa kukaa kwenye kamati yoyote, na kwenye Kombe la FA alitakiwa awe amezaliwa au ameishi kwa miaka miwili iliyopita ndani ya maili 6 kutoka uwanja wa timu yake. Sharti hilo la maili 6 liliondolewa 1889.

Angalia sasa mahesabu ya Ross. Alifika Preston kiangazi cha 1883. Sheria inapita Julai 1885, miaka yake miwili imetimia. Waliochelewa kuvuka mpaka walikaa nje ya mechi za kombe wakati yeye yumo. Ukiona jina la Mskoti linapotea kwenye kikosi cha kombe na linarudi kwenye mechi za kirafiki, mara nyingi sababu ni maili 6 na wala si majeraha.

Binti wa Lango

Sasa timu ya taifa. England ilichagua watu wa kulipwa, kwa nini Uskoti haikumchagua?

Kitasa Mkongwe

Kwa sababu chama cha Uskoti kilikataa soka la kulipwa hadi 1893, miaka 8 baada ya England. Kwao mtu aliyevuka mpaka kwenda kulipwa alikuwa ameasi. Majina yalitangazwa na watu wakafungiwa wasicheze Uskoti bila kibali. Hata Hearts, timu aliyoiacha Ross, ilisimamishwa 1884 kwa kulipa wachezaji.

Na hata baada ya 1893 hawakuwageukia mara moja waliokuwa England. Mechi ya kwanza ambayo Uskoti ilichezesha Waskoti wa timu za England ni Aprili 4, 1896 dhidi ya England pale Celtic Park. Waliitwa watano: Doig wa Sunderland, Brandon wa Blackburn, Cowan wa Aston Villa, Hyslop wa Stoke na Bell wa Everton. Uskoti ikashinda 2-1. Ross alikuwa kaburini karibu miaka miwili.

Linaloniuma zaidi ni Machi 17, 1888. England ilikwenda Glasgow ikaifunga Uskoti 5-0. Kati ya wafungaji wa England walikuwemo Fred Dewhurst na John Goodall, wote wachezaji wa Preston. Goodall huyo wazazi wake Waskoti, amelelewa Kilmarnock, mpira kajifunzia Uskoti, ila kwa kuwa alizaliwa London aliichezea England. Nick Ross, aliyekuwa akifanya nao mazoezi kila wiki na ndiye beki wa kushoto wa timu yao, aliyezaliwa Edinburgh, hakuwa na ruhusa ya kuwazuia.

Mwana Mrima

Duh. Hii ya Goodall sikuijua kabisa. Lakini kulikuwa na beki mwingine Mskoti wa enzi hizo, mweusi, Andrew Watson. Yeye iliwezekanaje aitwe timu ya taifa?

Binti wa Lango

Watson namfahamu vizuri, nijibu mimi. Alizaliwa 1856 Demerara, Guyana ya leo, akakulia na kusoma Uingereza, kisha akacheza Queen's Park ya Glasgow, timu ya ridhaa kabisa. Hakuwa wa kulipwa, basi mlango ulikuwa wazi. Machi 12, 1881 alikuwa nahodha wa Uskoti ilipoifunga England 6-1 Kennington Oval. Alicheza mechi tatu za taifa na zote Uskoti ilishinda. Alipohamia London 1882 kuitwa kukaisha, kwa sababu chama kilichagua waliobaki nyumbani.

Watson alikuwa na mali ya urithi, angeweza kucheza bure. Ross alikuwa fundi wa mapaa. Kanuni ya ridhaa kwa maneno ilikuwa moja kwa wote, ila uzito wake haukuwa mmoja.

Kitasa Mkongwe

@Binti wa Lango hapo umegusa kiini chenyewe. Wapo pia waliopita katikati. Dan Doyle, beki wa kushoto mwingine, alitwaa ligi na Everton 1891, kisha akarudi Celtic mwaka huo huo wakati Uskoti bado inajiita ya ridhaa, na akaichezea timu ya taifa. Hakuna aliyeamini kwamba amerudi bure. Aliyerudi alisamehewa, aliyebaki hakusamehewa.

Mwana Mrima

Na Sudell aliishia wapi?

Mtambaa Panya

Vibaya. 1895 alifungwa miaka mitatu kwa kuchota fedha za kiwanda alichokisimamia. Alipotoka alikwenda Afrika Kusini, akawa mwandishi wa michezo Cape Town, akafariki 1911. Jimmy Ross yeye alikwenda Liverpool 1894, kisha Burnley na Manchester City, akafariki kwa ugonjwa 1902 akiwa bado mchezaji.

Karani wa Takwimu

Mwisho kwa wanaotaka kumfuatilia wenyewe. Nimeona watu wanamdharau Ross kwa sababu tovuti zinampa mechi chache. Ligi imeanza Septemba 1888. Miaka yake mitano ya kwanza Preston, 1883 hadi 1888, ilikuwa mechi za kirafiki na za makombe, na Preston walicheza nyingi mno kwa msimu, lakini za kirafiki hazihesabiwi. Kwa hiyo takwimu unazoona zinaanza akiwa na miaka 25 na zinakatwa na ugonjwa.

La pili, majina. Magazeti ya wakati ule yanaandika "Ross" tupu, na mara nyingi Ross wawili wako uwanjani. Tazama herufi: N. J. ni Nick, J. D. ni Jimmy. Kama herufi hazipo, tazama nafasi. Vikosi viliandikwa kipa kwanza, halafu mabeki wawili, wa kulia kabla ya wa kushoto, halafu viungo watatu, halafu washambuliaji watano kuanzia winga ya kulia. Jina la tatu kwenye orodha ya Preston kabla ya kiangazi cha 1888 kwa kawaida ni Nick. Jimmy mtafute kuanzia jina la saba, upande wa kulia wa mbele. Kwa msimu wa 1889/90 na kuendelea kuwa mwangalifu zaidi, maana Nick naye alisogezwa mbele mara nyingi na hapo herufi ndizo zitakazokuokoa.

Binti wa Lango

Hiyo ya jina la tatu naichukua. Nina vikosi vya 1886 na 1887 vyenye "Ross" mbili bila herufi, naanza navyo leo.